Kumfuata Paulo: milima ya Anatolia, barabara ya Makedonia, au bahari ya Melita?

Ramani za safari za Paulo zilizo mwishoni mwa Biblia zetu zina kasoro moja: ni bapa. Mstari mwekundu unatoka Kipro, unagusa Perge, unapanda hadi Antiokia ya Pisidia, na kidole cha msomaji kimeshafika kabla hajavuta pumzi. Kidole hicho kimevuka safu ya milima ya Toros bila kujua. Vikundi vya kujifunza Biblia vinaponiuliza, "Tukitaka kwenda kuona alikopita, twende wapi?", mara nyingi huwa vimeshachagua kwa majina ya miji waliyoyazoea. Mimi huwaomba wachague kwa kuangalia ardhi.

Kwa kundi lenye siku nane au kumi, naona njia tatu zinazofaa kupimwa. Ya kwanza ni milima: kutoka Perge hadi Antiokia ya Pisidia, kisha Ikonio, Listra na Derbe, kama ilivyo katika Matendo 13 na 14. Yote hiyo leo iko Uturuki. Ya pili ni barabara ya Makedonia na Akaya, kutoka Neapoli na Filipi hadi Korintho, Matendo 16 hadi 18, ambayo leo ni Ugiriki. Ya tatu ni bahari: kutoka Kaisaria hadi Melita, ndiyo Malta ya leo, na Rumi, Matendo 27 na 28. Antiokia ya Shamu, kanisa lililomtuma, siiweki kwenye orodha kwa sasa. Mji huo ndio Antakya ya leo, na tetemeko la Februari 2023 liliuharibu vibaya sana. Watu wake wanahitaji nyumba kabla ya kuhitaji wageni wa kupiga picha.

Tuanze na miguu, maana Paulo alisafiri sana kwa miguu.

Perge iko kwenye uwanda wa chini wa Pamfilia, kilomita chache tu kutoka pwani, karibu na Antalya ya leo. Antiokia ya Pisidia, jirani na mji wa Yalvaç, iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Kati ya miji hiyo miwili imesimama milima ambayo vilele vyake vinapita mita 2,000. Umbali si chini ya kilomita 160, na ukifuata barabara kuu ya Kirumi unapita 200. Luka, mwandishi wa Matendo, ameyamaliza yote hayo katika mstari mmoja, Matendo 13:14: wakatoka Perge, wakafika Antiokia. Mstari unaotangulia unasema Yohana Marko aliwaacha hapo Perge akarudi Yerusalemu. Luka hatoi sababu, nami sitaibuni. Lakini ukisimama Perge ukatazama kaskazini, ukaona ule ukuta wa mawe ya buluu ukipanda kutoka kwenye uwanda, utamsoma Marko kwa huruma zaidi kuliko tunavyofundishwa shule ya Jumapili.

Wako wasomi waliokisia kwamba Paulo alipanda milimani kwa sababu ya homa ya malaria ya uwanda ule, kwa kuwa katika Wagalatia 4:13 anasema aliwahubiri mara ya kwanza kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Ni kisio tu. Tena wapo wanaodhani Wagalatia wa barua hiyo ni watu wa kaskazini zaidi, upande wa Ankara, wala si hawa wa Ikonio na Listra. Mimi niko upande wa kusini, na ardhi ni sehemu ya sababu yangu: makanisa tunayoyajua kwa majina yalikuwa kwenye barabara, na Paulo alikuwa mtu wa barabara.

Barabara yenyewe iliitwa Via Sebaste. Kaisari Augusto aliijenga mwaka 6 KK ili kuyashika makabila ya milimani na kuunganisha makoloni ya askari wake wastaafu. Antiokia ilikuwa mojawapo ya makoloni hayo, iliyoanzishwa mwaka 25 KK, na Listra pia. Kwa hiyo nchi ile ilikuwa na sifa ya ukorofi hata kabla Paulo hajafika. Anapowaandikia Wakorintho kuhusu hatari za mito na hatari za wanyang'anyi, hatuna haja ya kutafuta mbali tunapojiuliza alikuwa akikumbuka njia gani.

Weka sasa Makedonia kando yake. Kutoka Filipi hadi Thesalonike ni kama kilomita 160, karibu sawa na ule umbali mfupi wa milimani. Ila hapa mtu anakwenda juu ya Via Egnatia, barabara ya mawe ya karne ya 2 KK, iliyotoka pwani ya Adria hadi Bizantio, zaidi ya kilomita 1,100, yenye mawe ya kuhesabia maili. Njia inafuata mabonde, ufuo na kingo za maziwa. Matendo 17:1 inataja Amfipoli na Apolonia bila kueleza lolote lililotokea huko, kama abiria anavyotaja vituo ambavyo basi lilisimama akashuka kunyoosha miguu. Ni vituo kweli: kila kimoja ni mwendo wa siku mbili hivi kutoka kingine. Kundi lenye wazee au watu wenye magoti mabovu litaifurahia Makedonia. Milimani, hata kwa basi, barabara inapanda na kupinda mpaka ziwa Eğirdir, na aliyezoea kuumwa kichwa kwenye kona za Usambara au Aberdare ajiandae.

Kwa miguu, basi, Makedonia ni rahisi. Lakini niliyesema tuchague kwa ardhi sikusema tuchague penye ardhi rahisi. Tazama mahali Paulo alipogeuka.

Derbe ni mwisho wa safari ya kwanza. Ukiwa Derbe unaelekea mashariki, kwenu ni karibu. Kiasi cha kilomita 200 mbele yako kuna Tarso, mji alikozaliwa Paulo, ukipitia lile pito jembamba la milimani linaloitwa Malango ya Kilikia. Kutoka Tarso hadi Antiokia ya Shamu njia inajulikana. Mtu aliyepigwa mawe Listra, akaburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa, angekuwa na haki zote za kuichukua njia hiyo. Badala yake Matendo 14:21 inasema walirudi Listra, Ikonio na Antiokia. Yaani waligeuza migongo nyumbani, wakatembea mamia ya kilomita kupitia miji ile ile iliyowafukuza, ili kuwaimarisha wanafunzi na kuwawekea wazee katika kila kanisa, ndipo wakateremka tena Toros hadi baharini. Kwenye ramani bapa, mstari unaorudi umechorwa sambamba na ule wa kwenda, na macho hayashtuki. Kwenye nyanda za Konya, penye upepo, ambako mlima unaouona asubuhi bado unauona jioni, mtu anashtuka. Ndiyo maana naipenda njia hii. Safari ya pili inaongeza jambo dogo la kupendeza: Luka anataja Derbe kwanza, kisha Listra, kwa sababu safari hiyo Paulo aliingia kwa mlango wa mashariki, akitoka Shamu na Kilikia.

Makedonia nayo ina mgeuko wake, na huu nao si mdogo. Via Egnatia, ukiifuata kwenda magharibi bila kuiacha, inakufikisha Dirakio kwenye pwani ya Albania ya leo, na ng'ambo ya maji ni Italia. Paulo alikuwa juu ya barabara ya kwendea Rumi. Alipotolewa Thesalonike usiku, aliiacha barabara hiyo akaenda Beroya, mji wa pembeni chini ya milima, kama kilomita 75. Kutoka huko akapelekwa hadi pwani, kisha Athene. Baadaye anawaandikia Warumi kwamba mara nyingi alikusudia kwenda kwao akazuiliwa. Tena mara alipofika Korintho alikutana na Akila na Priskila, waliotoka Italia kwa sababu Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi katika Rumi. Naamini mambo haya yanahusiana: barabara ilikuwa wazi, lakini mlango wake wa mwisho ulikuwa umefungwa, naye akaenda kusini. Warumi 15:19, anaposema amehubiri hadi kandokando ya Iliriko, huenda ni kumbukumbu ya kuifuata barabara ile ile wakati mwingine.

Upande wa mawe, yaani kinachoonekana kwa macho, Ugiriki inashinda, na sina sababu ya kulificha hilo. Filipi, kilomita kama 15 kutoka bandari ya Kavala ambayo ndiyo Neapoli, ina soko lake, ukumbi wa michezo, na vipande vya Via Egnatia vyenye mikwaruzo ya magurudumu. Mwaka 2016 iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Korintho utasimama mbele ya jukwaa la hukumu ambapo Paulo alifikishwa kwa Galio. Delfi, upande wa pili wa ghuba, kuna jiwe lenye jina la Galio huyo, na kutokana nalo tunajua alikuwa liwali wa Akaya karibu na mwaka 51 au 52. Tarehe nyingi za maisha ya Paulo zimefungwa kwenye jiwe hilo kama ng'ombe kwenye kigingi.

Korintho ndipo jiografia inapofundisha bila mwalimu. Panda Akrokorintho, mwamba wa mita 575 nyuma ya mji, utaona bahari mbili. Shingo ya nchi kati yake ni kama kilomita 6 tu. Mabaharia waliogopa kuzunguka rasi ya Malea huko kusini, hivyo mizigo, na hata vyombo vidogo, vilivutwa juu ya njia ya mawe kutoka bahari hii hadi ile. Mfereji wa sasa ulifunguliwa mwaka 1893. Mji wenye bandari mbili, Lekaio upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki, huwa na wageni, wafanyabiashara, wapagazi, na watu wanaohitaji mahema na matanga. Paulo, mshona mahema, akakaa mwaka mmoja na miezi sita. Fibi, anayetajwa mwishoni mwa Warumi, alikuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea, mahali ambapo msafiri kutoka Asia aliteremka. Barua hiyo ilipita ulikopita mzigo.

Milimani mawe ni machache zaidi. Antiokia ya Pisidia ina mitaa, matao ya mfereji wa maji, na mahali pa hekalu la Augusto palipochongwa kwenye mwamba kama nusu duara. Kumepatikana huko pia jiwe linalotaja ukoo wa Sergio Paulo, jina la liwali wa Kipro aliyeamini katika Matendo 13. Wasomi wengine wanadhani ni yeye aliyewaelekeza huko kwa jamaa zake, na mimi wazo hilo linanivutia, maana linaeleza kwa nini wageni kutoka kisiwani walipanda moja kwa moja kwenye mji wa mbali namna ile. Ikonio imefunikwa na Konya, jiji kubwa la leo. Listra ni kilima cha udongo karibu na kijiji cha Hatunsaray, mahali palipotambuliwa mwaka 1885 kwa sababu ya jiwe moja lenye jina la koloni. Derbe ni kilima kingine, Kerti Höyük, kilichotambuliwa kwa jiwe lililopatikana mwaka 1956. Ukimpeleka Listra mtu anayetaka nguzo na sanamu, atakununia safari nzima. Ukimpeleka mtu anayetaka kujua kwa nini umati ulipaza sauti kwa Kilikaonia, lugha ya wenyeji, na Paulo na Barnaba wakachelewa kuelewa kwamba wanaletewa ng'ombe wa dhabihu, atakaa juu ya kilima kile, ataona jinsi kilivyo mbali na kila kitu, na atashukuru.

Kuhusu bahari nitasema kwa ufupi, na si kwa sababu haipendezi. Matendo 27 kwangu ni mojawapo ya sura zilizoandikwa vizuri kuliko zote. Shida ni kwamba huwezi kuisafiri. Utapanda ndege hadi Malta, utashuka saa chache baadaye, na kitu pekee kilichomtesa Paulo, yaani upepo, hutakutana nacho.

Msomaji aliyekulia mwambao wetu, Lamu au Kilwa, anayejua kwamba jahazi husubiri kaskazi na kusi na halibishani nazo, ataielewa sura hiyo akiwa nyumbani kuliko mtalii aliyeko Malta. Mediterania nayo ina msimu wake. Siku ya kufunga ilikuwa imepita, anasema Luka, maana yake Septemba inakwisha au Oktoba imeingia, na vyombo vilipaswa kutafuta mahali pa kupisha baridi. Walikuwa Bandari Nzuri, kusini mwa Krete, wakataka tu kusogea hadi Foinike, bandari iliyo bora zaidi kwa baridi, kama kilomita 60. Upepo wa Eurakilo ukashuka kutoka milima ya Krete. Wakapita kisiwa cha Kauda, kisha siku kumi na nne za kusukumwa, wakatupwa Melita, karibu kilomita 880 kutoka hapo. Gawanya, utapata mwendo wa polepole kuliko mtu anayetembea, usiku na mchana, watu 276 ndani ya merikebu ya ngano. Chukua ramani na rula, kaa na kikundi chako jioni moja, fanyeni hesabu hiyo pamoja. Mtapata sehemu kubwa ya kile ambacho tiketi ya Malta ingewapa. Anayekwenda hata hivyo, aende Februari 10, kisiwa kinapoadhimisha kuvunjika kwa merikebu, halafu amalizie Puteoli na kipande cha barabara ya Apio nje ya Rumi, ambacho mawe yake bado yanakanyagika.

Sasa Efeso, kwa sababu najua kuna anayeingojea. Ziara nyingi za Uturuki zinazotangazwa kwa jina la Paulo zinakupeleka Efeso, Laodikia na Pamukkale, kisha Smirna na Pergamo. Ni ziara nzuri, lakini zaidi ni jiografia ya Ufunuo, yale makanisa saba ya Yohana. Paulo alikaa Efeso zaidi ya miaka miwili, hilo ni kweli, na ule ukumbi wa kuchukua watu kama 25,000, ambamo umati ulipiga kelele kwa ajili ya Artemi, upo. Ila ile maktaba ya Selso inayopamba kila tangazo ilijengwa karne ya 2, Paulo ameshakufa. Na bandari aliyoiona haipo: mto umeijaza tope, bahari imesogea kilomita kadhaa. Mileto, alikowaaga wazee wa Efeso, imepatwa na hayo hayo. Kwa hiyo ukinunua ziara hiyo, inunue ukijua ni ya nani, na uulize kabla ya kulipa: je, tunafika Yalvaç? Jibu likiwa hapana, milima haimo.

Ushauri wangu unategemea ni nani anayekwenda. Kundi la kanisa lenye rika zote, siku nane, ambalo halijawahi kusafiri pamoja, liende Ugiriki: tua Thesalonike, nenda Filipi, rudi Beroya, shuka Athene, malizia Korintho. Viza moja ya Schengen inatosha, na inaweza kukufikisha Malta au Italia pia. Walimu wa Biblia, wachungaji, na vijana wenye mapafu, waende milimani. Uturuki ina viza yake, na kuna ndege za moja kwa moja hadi Istanbul kutoka Nairobi na Dar es Salaam. Kutoka Antalya kodini gari dogo, lalani Eğirdir, kisha Yalvaç, Konya na Karaman. Nendeni Mei au mwishoni mwa Septemba, kwa sababu nyanda zile wakati wa baridi zina theluji, na Julai jua halina huruma. Wenye muda zaidi wanaweza kutembea sehemu ya njia ya Mtakatifu Paulo, iliyowekewa alama kutoka Perge hadi Yalvaç, kama kilomita 500 kwa jumla. Inazunguka kuliko alivyozunguka yeye, lakini siku mbili tu juu yake zitabadilisha namna mnavyosoma Matendo 13:14.

Na hata mkiangukia ile ziara ya Efeso, ombeni siku moja ya ziada kaskazini, Troa na Aso. Matendo 20:13 inasema wenzake walipanda merikebu kuzunguka rasi, naye mwenyewe akataka kwenda kwa miguu, mwendo wa siku nzima au zaidi. Chombo kilikuwapo, rafiki zake walikuwamo, na alikuwa ametoka kuhubiri hadi alfajiri. Aso bado ina lango lake la magharibi, minara imesimama, na mbele ya lango barabara ya mawe inapita kati ya makaburi. Anayetoka Troa kwa miguu huingilia hapo.